Matofali Tuliyoyazika

Nyumba yetu ilianza na mlango. Najua nyumba za watu wenye akili huanza na kiwanja, au msingi, au angalau mume, lakini yetu ilianza na mlango, na kwa muda mrefu haikuwa na kitu kingine.

Mlango wenyewe ulitoka Mtabila, kambi ya wakimbizi, mwaka ule ilipofungwa, Warundi wakapandishwa magari kurudi kwao. Kabla ya kuondoka, wanawake walikuja Kasulu mjini kuuza vile ambavyo gari lisingebeba: masufuria, viti, kuku. Mama mmoja alikuja na mlango kichwani, ameubeba kama watu wengine wanavyobeba mkungu wa ndizi. Mama yangu ni fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa barazani kwa Hajji, mwenye nyumba wetu, ambaye pia alikuwa na duka la vitenge. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, nimetumwa kukata nyuzi, sikati kitu.

"Dada, angalia mlango huu," alisema yule mama. "Mbao nzito. Bawaba zake ninazo hapa kwenye mfuko."

"Mimi sina nyumba," Mama akamjibu.

"Basi anza na mlango. Mimi nilianza na nyumba, na umeona nilikofika."

Wakacheka wote wawili, kicheko ambacho mimi sikukielewa siku ile. Mama akamshushia kwenye hanga gauni alilokuwa amelishona la kuuza, na lingine la binti yake, na mlango ukawa wetu. Tukaubeba mpaka ndani, kwenye vyumba viwili tulivyopanga nyuma ya duka, tukauegemeza ukutani. Ukakaa hapo miaka. Mama aliupigia pasi mgongoni. Mdogo wangu wa kike aliufanya ubao wa kufundishia wanasesere. Mimi kila nikitoka shule niliugonga: "Hodi!" Mdogo wangu anaitikia, "Karibu, lakini pitia dirishani, huo haufunguki."

Baba sitamweleza sana. Yuko Urambo kwenye tumbaku, ana mke mwingine na, tunasikia, ana nyumba. Ndugu zake walisema mbele ya watu kwamba Mama hata choo hatajenga. Sentensi ile ndiyo iliyotuletea vyumba sita.

Maana Mama alipofanikiwa kupata kiwanja pembeni mwa barabara ya Makere, ramani aliichora mwenyewe, kwa chaki yake ya kukatia nguo, kwenye karatasi ya kaki. Sebule. Chumba chake chenye choo ndani. Chumba changu. Chumba cha mdogo wangu. Chumba cha wageni. Jiko na stoo. Fundi cherehani akikata nguo huacha akiba kidogo ya kukunja, mteja akinenepa inafunguliwa. Mama nyumba yake aliikatia mteja mnene ambaye hata hajazaliwa.

"Mama, kwa nini tusianze na vyumba viwili, tukahamia?" nilimuuliza.

"Vyumba viwili ni banda. Mtu hajengi banda barabarani watu wanapita."

"Lakini sasa hivi tunaishi vyumba viwili."

"Vya Hajji," alisema. "Aibu ni ya Hajji."

Kiangazi cha mwaka uliofuata tulifyatua matofali palepale kiwanjani. Mimi na elimu yangu ya kidato cha pili tulikanyaga udongo mpaka miguu ikawa na rangi ya hindi lililochomwa. Tukayapanga tanuri, tukayachoma, yakatoka mekundu mazuri, ukiligonga moja linalia. Mama aliyaangalia kama mtu anayeangalia watoto wake kwenye gwaride. Halafu fundi mwashi akaja, akapiga kamba, akachimba mtaro wa vyumba sita, akaanza kuyateremsha chini. Kwetu mawe yako mbali na lori ni ghali, kwa hiyo msingi ni wa tofali. Saruji nayo inakuja kutoka huko mbali, kwa hiyo tuliyaunga kwa udongo. Fundi alipomaliza, kwenye tanuri kulikuwa kumebaki kichuguu cha matofali tu, kimefunikwa nyasi.

Lakini msingi ulikuwa msingi. Ulipanda mpaka magotini. Jioni nilikuwa naenda kukaa chumbani kwangu. Kweli kabisa: nilikuwa na chumba, kina kona nne, ukuta wake uliishia magotini na kuanzia hapo ni hewa. Rafiki zangu walipokuja nilikuwa nawaambia wavue viatu.

Na hatukuwa peke yetu. Ukitembea barabara ile ungedhani ni mji ulioamua kuishia magotini. Msingi huu wa mwalimu, ule wa nesi, ule wa mwenye bodaboda. Kwenye sebule za watu mahindi yalikuwa yamefikia kiuno. Kwenye chumba kikubwa cha nesi alikuwa amefungwa mbuzi. Kila mmoja alikuwa amechimba nyumba ya heshima, na kila mmoja alikuwa amepanga kwa mtu mwingine mjini, akisubiri.

Basi mwaka 2015 Warundi wakaanza kuja tena. Magari yalipita mbele ya msingi wetu kwenda Makere, kwenye kambi iliyobaki, yamejaa watu na magodoro, na nyuma yao yakaja magari meupe yenye milingoti ya redio, yamejaa watu wenye beji shingoni. Mama alikuwa akisimama ukingoni mwa sebule yake akiangalia nyuso kwenye malori. Nilijua anamtafuta nani.

"Akiwemo utamrudishia mlango?" nilimtania.

Alifuata lori lingine kwa macho. "Akiwemo nitamuuliza kwanza kama ana pa kuuweka."

Hajji alitufuata barazani mwezi uliofuata. Hajji ni mtu mwema, hilo niliseme mapema. Mababu zake walitoka pwani wakakaa Ujiji, yeye akapanda huku milimani na vitenge, na hajawahi kutuzimia taa hata kodi ilipochelewa. Alivuta kiti, akavua kofia, akaivaa tena. Nikajua kuna tatizo.

"Dada yangu," alianza, "ujue siwafukuzi."

"Ahsante, Hajji. Basi tunakaa."

"Hapana, mnatoka. Lakini siwafukuzi."

Nilicheka. Mama alinikata jicho.

"Nyuma pale nataka kuweka vitanda," Hajji aliendelea, "na choo cha ndani, na maji ya moto. Wageni wa mashirika wanalala mpaka kwenye magari. Mgeni analipa kwa siku, dada yangu. Wewe unalipa kwa mwezi, na mwezi wako mrefu."

"Si ujenge vingine, Hajji? Eneo unalo."

"Nijenge vya kupangisha watu wa kwetu?" Alionekana kuumia kweli. "Kwa bei ya saruji hii na bati hili, kodi unayoweza kulipa wewe itanirudishia pesa nikiwa nimeshalala kaburini. Nikujengee kwa hasara? Mimi nina duka, sina msikiti." Akafikiri. "Baraza unabaki nalo. Cherehani haiondoki. Na vyumba, mpaka mvua ianze. Mvua ikianza, mnanisamehe."

Kwa hiyo hilo ndilo lililokuwa mbele yetu: mvua. Kwetu mvua haina utani, ikishaanza imeanza.

Tulitafuta chumba mji mzima. Wenye nyumba wote walikuwa wamesikia kuhusu watu wenye beji. Nyumba zilizokuwa zinapakwa rangi zilikuwa zinapakwa rangi za gesti. Mmoja alituonyesha jiko la zamani, lina harufu ya mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwemo, na kwa jinsi alivyotuangalia nadhani yeye ndiye alikuwa na mkataba.

Wiki hiyohiyo, shuleni, mwalimu wa Jiografia alituuliza sababu za uhaba wa makazi mijini. Mwalimu huyu alitoka Mbeya, kijana tu, alipangiwa shule yetu na serikali, na serikali ikasahau kwamba watu hulala. Alikuwa akilala kwenye stoo ya shule, katikati ya majembe na magunia ya mahindi ya uji.

"Ongezeko la watu!" darasa zima likaimba, kama lilivyoandikwa kitabuni.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, huku nyumba zinajengwa kila siku. Tatizo zinajengewa watu wanaopita. Wanaokaa hawajengewi."

"Fafanua."

"Kwa mfano wewe, mwalimu. Kutoka hapa getini mpaka sokoni kuna gesti mpya kila kona, na wewe unalala na majembe."

Darasa lilikufa kwa kicheko. Mwalimu alisubiri litulie. Akaniambia nikafyeke nyasi nyuma ya stoo yake mpaka zilingane. Nilipokuwa nachukua fyekeo nikamsikia anawaambia wenzangu, "Lakini andikeni hoja yake."

Nikiwa nafyeka, nilifikiri. Kufyeka ni kazi nzuri ya kufikiria, ndiyo maana walimu hawafyeki. Niliyemlaumu kwanza alikuwa Hajji, halafu nikaona Hajji hesabu yake ni sahihi, na hilo liliniudhi zaidi. Nikawalaumu wenye beji, lakini na wao wanatakiwa kulala. Nikamlaumu fundi wetu.

Fundi huyo Mama alikuwa ameshampigia simu mara nyingi. Alijibu mara moja, nyuma yake nyundo zinalia.

"Mama, niko kambini. Huku tunajenga vyoo. Kazi ni ya kila siku na hela ni ya kila Jumamosi."

"Na mimi?"

"Wewe nitakuja. Wakiisha kuja watu, nitakuja."

Mama alikata simu. Alianza kusema kitu kuhusu vyoo, akakiachia njiani. "Na wao watajisaidia wapi," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Kesho yake akampigia kaka yake aliye kijijini Kumsenga.

Kumsenga nilikuwa nimekwenda nikiwa mdogo, siku mjomba wangu huyo alipojengewa nyumba. Nasema alipojengewa kwa sababu yeye alikuwa akizunguka tu na kibuyu cha pombe ya ndizi. Majirani walikuja na miti yao, wakasimamisha fito, wanawake wakaleta maji na udongo, watoto tukakandika na kurushiana, na nyasi zikapanda juu huku watu wanaimba na kutukanana. Hakuna aliyeuliza ramani. Ilikuwa ya vyumba viwili, na hakuna aliyeiita banda.

Mjomba alifika Kasulu na vijana wawili wa huko, mwiko mmoja, na dharau nyingi. Alinishika mikono akaigeuza. "Mikono ya nini hii? Ya kushikia chapati?" Mama alipomwonyesha msingi alizunguka vyumba vyote sita, akapita kwenye kila mlango ambao haupo.

"Nani atakaa humu?" aliuliza.

"Sisi," Mama alisema.

"Na nani mwingine? Halmashauri?"

Akataka kupandisha kwa miti na udongo, aezeke nyasi, awe ameondoka kabla ya mwezi kuisha. Mama akamwambia hairuhusiwi, kiwanja kimepimwa, ni tofali la kuchoma na bati, vinginevyo wanabomoa.

"Kwani halmashauri wanajenga?"

"Hapana."

"Wanabomoa tu?"

"Mjomba," nilimwambia, "ni utaalamu tofauti."

Akanirushia bonge la udongo, na likanipata. Halafu akasimama, akatazama barabarani huku na huku, na swali lake hilo lingine hakuliuliza kwa utani. "Majirani wako wapi?"

Nilimwonyesha misingi. "Wale wako kazini, mjomba. Wanatafuta hela ya kunyanyua hizo."

"Wote?"

"Wote."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kuna kijiji ambacho watu hawali.

Tukaanza kona ya vyumba viwili vya mbele, kwa matofali ya kile kichuguu kilichobaki. Mama alikubali akisema ni "kwa kuanzia". Mabati alikuwa nayo, amenunua moja moja kila msimu wa sare za shule, tukawa tunalala juu yake kama akina ndege. Mbao tulizipata chache, zilizopinda ambazo wenye gesti walizikataa. Mjomba alipanga, vijana wakachanganya udongo, mimi nikabeba. Kuta zikapanda, zikapita magoti, zikapita kiuno, na siku tuliyofika usawa wa madirisha mkono wangu ukaingia chini ya nyasi kuchukua tofali ukatoka na majivu.

Yameisha.

Mama alikwenda kwenye matanuri ya watu. Yote yalikuwa yameshasemewa. Wenye gesti walikuwa wananunua tanuri zima hata kabla halijawashwa. Alirudi mchana, akakaa kwenye kizingiti kisicho na mlango, akavua viatu. Upande wa Burundi kulikuwa na mawingu yamekaa kama watu wanaosubiri kuitwa.

"Tungekuwa hata na nusu tu ya yale ya mwaka juzi," alisema Mjomba. "Tulikuwa tumemaliza."

"Yapo," nilisema. Nilikuwa nachekesha tu, kwa sababu watu wakinyamaza mimi huwashwa mdomo. "Yote yapo. Tumeyazika. Pale kaburi la chumba cha wageni, pale kaburi la stoo. Mama, tungeweka na maua."

Mjomba alinitazama, halafu akautazama msingi, na mdomo wake ukabaki wazi kidogo. Mama aliona anachoangalia. Aliinuka, akavaa viatu, akaondoka kwenda barazani bila kuaga, na mimi nilikaa pale nikijua nimegusa mahali.

Sikuwa nimefikiri hivyo kabla. Kwa miaka miwili nilikuwa nauona msingi ule kama nyumba ambayo haijaisha, kumbe matofali ya nyumba ya watu watatu yalikuwa yameshatosha zamani, sisi ndio tuliyatia ardhini ili ndugu wa baba waone upana wa nyumba. Nikatazama barabara yote. Mwalimu, nesi, mwenye bodaboda. Hajji ana sababu zake, saruji ina zake, kambi ina zake, na hizo zote ni za kweli. Lakini na sisi tulikuwa tumezika matofali mji mzima, na juu yake tumepanda mahindi.

Asubuhi nilipofika kiwanjani, Mama alikuwa ameshatangulia. Alikuwa amejifunga khanga ya pili kiunoni na ameshika jembe. Mjomba alikuwa amesimama kando na mwiko wake, mpole kuliko nilivyowahi kumwona.

"Dada, na kile cha wageni tunaweza kukiacha," alikuwa anamwambia.

"Usinihurumie," Mama alisema. Akanigeukia, akaninyooshea jembe. "Wewe ndiye mwenye maneno. Anza na chumba chako."

Nikafikiri ni utani. Haukuwa utani.

Nilianza na kona ambayo nilikuwa nimepanga kuweka kitanda. Udongo wa kuungia ulikuwa mkavu, tofali likawa linatoka zima, unalipiga na mgongo wa panga linajifuta. Kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba hatukuwa na hela ya saruji. Mdogo wangu aliyapanga pembeni. Kufikia jua kali chumba changu kilikuwa mtaro, na Mama alikuwa amehamia chumbani kwake, kile chenye choo ndani, anayatoa moja moja na kuyafuta kwa mkono kabla ya kunipa, kama anafuta uso wa mtoto. Wanawake waliokuwa wanatoka sokoni walisimama, wakamsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama! Unatafuta dhahabu?"

"Natafuta sebule," Mama aliwajibu bila kuinua kichwa.

Walicheka mpaka wakapotea kwenye kona, na nadhani habari ilifika Urambo siku hiyohiyo.

Kuta zikafika lenta, juu ya madirisha, zikapita. Bati likapanda, pamoja na zile mbao zilizopinda, kwa hiyo paa letu ukiliangalia kwa upande linaonekana linataka kusema kitu. Mlango ndio ulikuwa wa mwisho. Mjomba aliupunguza chini kidogo, akafunga bawaba zilizokuwa kwenye mfuko tangu Mtabila, Mama akaufungua, akaufunga, akaufungua tena. Mimi niligonga.

"Hodi!"

"Karibu," mdogo wangu akaitikia kutoka ndani, na safari hii hakutaja dirisha.

Tulihamia na mikokoteni miwili na cherehani ya akiba. Hajji alituma ndoo ya rangi iliyobaki kwenye gesti yake. Mjomba alirudi Kumsenga, na kabla hajapanda gari, yule jirani mwenye bodaboda alikuwa amemvuta pembeni, anamwonyesha msingi wake kwa kidole, anauliza kitu kwa sauti ya chini.

Mvua ilikuja mchana, siku ya Jumamosi. Ilipiga bati mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono, lakini haikuingia, isipokuwa pale paa linapotaka kusema kitu, na hapo tuliweka sufuria. Ilipopungua nilitoka mlangoni kuangalia. Mitaro ya vyumba vinne ilikuwa imejaa maji mekundu. Chumbani kwangu vyura walikuwa wameshaingia, wengi, na wanaimba kwa nguvu kama kwaya ya Pasaka. Nyuma yangu Mama alikuwa amekaa sakafuni na kazi yake ya mkono, mdogo wangu amelala kifudifudi anafanya hesabu. Tangu siku ya jembe Mama hakuwa amezungumza sana. Hakuwa na hasira, ila alikuwa akipita upande ule wa kiwanja bila kuutazama.

Sasa aliinua macho, akausikiliza ule upande.

"Ni wapangaji wako hao?"

"Ndiyo, Mama. Wamehamia leo."

Akauma uzi, akaukata.

"Waambie wapunguze," alisema. "Humu ndani kuna mtu anasoma."